Malango ya Puyi

Kazi yangu ni kupiga picha za filamu. Kila nikipata kijana anayetaka kujua namna mwanga unavyobeba hadithi, namketisha kwanza aitazame The Last Emperor, filamu ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Bernardo Bertolucci. Iliwania tuzo 9 za Oscar ikazitwaa zote, ikiwemo ya upigaji picha aliyopewa Vittorio Storaro.

Anayesimuliwa ni Puyi, mfalme mkuu wa mwisho wa China. Alitawazwa mwaka 1908 hajatimiza miaka mitatu, akavuliwa ufalme 1912, lakini akaachwa aishi ndani ya kasri la Beijing hadi 1924 alipofukuzwa. Baadaye Wajapani walimweka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, awe mfalme wa jina tu.

Itazame sini ya mwanzo kwa makini. Ni mwaka 1950, kituo cha treni. Puyi ni mfungwa wa serikali mpya ya Kikomunisti ya China; amejifungia, amejikata mishipa ya mikono, ameizamisha kwenye maji. Mlango unagongwa kwa nguvu. Maji yanakuwa mekundu, na wekundu huo huo tunaukuta kwenye mienge ya usiku wa 1908, watu wa kasri walipokuja kumchukua mtoto kwao. Rangi peke yake imeturudisha nyuma miaka 42. Mimi bado nashikwa na msisimko kila ninapofika hapo.

Kisha fuata milango. Kijana Puyi anasikia mama yake amefariki, anapanda baiskeli mbio hadi langoni, walinzi wanamfungia. Miaka mingi baadaye, huko Manchuria, gari linamchukua mkewe Wanrong. Puyi anakimbia kulifuata, na lango linafungwa tena mbele ya uso wake. Mavazi yamebadilika, aliye nyuma ya lango ni yule yule.

Nina neno moja dhidi ya filamu hii: imemhurumia Puyi mno. Puyi halisi alikiri mwenyewe kwamba aliwachapa watumishi wake, na filamu inaligusia hilo kidogo tu, pale anapomwamuru mmoja anywe wino.

Lakini mwisho wake siuachi. Puyi ni mzee aliyekwisha kusamehewa, raia wa kawaida mwenye kazi ya bustani. Anafika kwenye kasri alilolelewa. Safari hii lango liko wazi, naye anakata tiketi kama wageni wengine, anaingia.