Je, vita vya Wanandi viliisha siku Orkoiyot alipouawa?

Vijiweni, kuanzia Kisumu hadi Kapsabet, wengi husimulia kwamba Orkoiyot Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi, vita vya Wanandi wa magharibi mwa Kenya dhidi ya Waingereza vilikwisha papo hapo. Imani hii ina mzizi wake: Orkoiyot alikuwa kiongozi wa kiroho ambaye baraka zake zilitangulia mashambulizi, na kuuawa kwake Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani, kuliwavunja wengi moyo.

Lakini tazama tarehe. Upinzani ulianza 1895, na operesheni ya kijeshi iliendelea baada ya kifo chake hadi 1906. Mikuki ilikabiliana na bunduki za rashasha za Maxim. Reli, iliyofika Kisumu 1901, ilirahisisha kusafirisha askari. Ng'ombe walitwaliwa kwa maelfu, nyumba na nafaka zikachomwa. Na mfugaji asiye na ng'ombe atashikilia msitu mpaka lini? Kwangu mimi, hapo ndipo palipouma zaidi.

Ukisikia simulizi kama hii, linganisha tarehe mbili: kifo cha kiongozi na mwisho wa mapigano. Kisha uliza nani alikuwa na chakula, silaha na njia. Wazee wa Nandi Hills nao wana masimulizi yao, ukiwaendea kwa adabu.