Jina "sdb1" si la kudumu

Ukizungumza na mafundi wa kompyuta pale Stendi Ndogo, Arusha, utasikia kwamba kwenye Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) sehemu ya diski ikishapewa jina sdb1 itabaki sdb1. Ndiyo maana wengi huandika /dev/sdb1 ndani ya /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupachika, ili diski ijipachike yenyewe (iunganishwe na folda, tayari kusomwa) mashine ikiwaka. Imani hiyo ina msingi: inaweza kufanya kazi miezi mingi bila tatizo.

Ila jina hilo hutolewa upya kila mashine inapowaka, kadiri diski zinavyotambuliwa. Ukisahau flashi imechomekwa, sdb ya jana inaweza kuwa sdc leo. Kinachodumu ni UUID, alama iliyoandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe. Ila hiyo nayo hubadilika ukifomati.

Jaribu mwenyewe. Andika lsblk -f, tazama safu ya UUID. Pachua diski ya nje, uichomoe, chomeka flashi kwanza ndipo diski, kisha rudia amri. Jina huenda likahama. UUID iko palepale.

Basi kwenye fstab, badala ya /dev/sdb1, andika UUID= na alama hiyo, na kwa diski ya nje ongeza nofail, yaani mashine iendelee kuwaka hata diski isipokuwepo, maana umeme ukikatika na mashine ikawaka bila hiyo diski, inaweza kukwama njiani. Kabla ya kuzima, piga sudo mount -a, amri ya kupachika vilivyoorodheshwa kwenye fstab: makosa mengi yajitokeze ungali mezani.