Tarehe 4 Julai 1776 hapakushushwa bendera yoyote

Wiki iliyopita mama mmoja wa Bukavu, mwenye bidii kuliko darasa zima, aliniuliza: "Mwalimu, siku hiyo ya uhuru mfalme wa Waingereza alikuja mwenyewe Philadelphia, kama Baudouin, mfalme wa Wabelgiji, alivyokuja kwetu Kongo, ama alituma mtu?" Nikaweka chaki chini. Nawaandaa Waswahili kwa usaili wa uraia wa Marekani, na swali hilo nimelisikia kwa lafudhi ya Mombasa, ya Kigoma na ya Goma. Sura waliyo nayo kichwani ni moja: usiku wa manane bendera ya mkoloni inashuka, ya kwetu inapanda, ngoma inapigwa, kukicha tuna nchi.

Sura hiyo ni ya kwetu. Prince Philip, mume wa malkia wa Uingereza, alikuja kweli Dar es Salaam Desemba 1961 na Nairobi Desemba 1963. Mfalme Baudouin alihutubia mwenyewe Léopoldville (Kinshasa ya leo) tarehe 30 Juni 1960. Ukiichukua ukaivika Philadelphia, haiwatoshi.

Wamarekani wale hawakukabidhiwa kitu na mtu. Risasi zilikuwa zimeshalia Lexington na Concord tangu 19 Aprili 1775, mwaka mzima na zaidi kabla ya hiyo Julai. Tena kura yenyewe ya kujitenga na mfalme ilipigwa tarehe 2, si tarehe 4, na wajumbe wa makoloni 13 waliokutana Philadelphia. Wajumbe wawili wa koloni la Delaware waliokuwapo walikuwa wamegawanyika, huyu ndiyo, yule hapana. Ikabidi mwenzao wa tatu, Caesar Rodney, apande farasi usiku kucha kwenye mvua, zaidi ya kilomita 100, aingie ukumbini na buti zake za safari ili kuivunja sare ile. Makoloni 12 yakakubali, New York ikajizuia. Kesho yake John Adams, mmoja wa wajumbe, akamwandikia mkewe kwamba 2 Julai ndiyo itakayosherehekewa na vizazi vijavyo. Maskini, alikosa kwa siku mbili tu.

Sasa tarehe 4 kulikuwa na nini? Maneno. Siku hiyo walipitisha maandishi ya Azimio la Uhuru, ambayo Thomas Jefferson aliyaandika na wenzake wakayakatakata mbele ya macho yake, kisha yakapelekwa kwa mpigachapa usiku uleule. Sahihi nyingi zilitiwa 2 Agosti. Ofisa akikuuliza Azimio lilipitishwa lini, mjibu 4 Julai 1776 na alama yako utaipata. Usichoweza kuniambia mimi ni kwamba siku hiyo "walipewa uhuru". Mwisho wa Agosti mwaka huohuo George Washington, mkuu wa jeshi lao, alikuwa anavusha wanajeshi wake usiku kwa mashua kutoka Long Island, amepigwa, Mwingereza yuko mgongoni. Nchi iliyokabidhiwa uhuru haikimbii hivyo.

Mtu akitaka kukariri tarehe moja ya ziada, mimi humpa 17 Oktoba 1777. Siku hiyo Jenerali Burgoyne wa Uingereza alisalimu amri Saratoga na jeshi lake lote. Wafaransa, ambao mpaka hapo walikuwa wakipenyeza silaha kimyakimya, wakaona hawa watu wanaweza kushinda kweli, na Februari 1778 wakatia sahihi mkataba wa kuwaunga mkono waziwazi. Manowari za Ufaransa ndizo zilizoziba mlango wa ghuba ya Chesapeake mwaka 1781 hadi Cornwallis, jenerali mwingine wa Uingereza, akabanwa Yorktown, hana pa kutokea. Uingereza iliukubali uhuru huo kwa maandishi jijini Paris, 3 Septemba 1783. Miaka saba na miezi miwili baada ya hiyo Julai yenu.

Na bendera? Ilishushwa 25 Novemba 1783, jeshi la mfalme lilipoondoka New York. Ila kabla ya kuingia melini, askari waliipigilia bendera yao misumari juu ya mlingoti, wakakata kamba, na mlingoti wakaupaka grisi. Kijana aitwaye John Van Arsdale ndiye aliyeupanda, akipigilia vipande vya mbao vya kukanyagia, akaing'oa.

Mengine nayapitia haraka, maana muda wa darasa ni mfupi. Eti chai ilimwagwa Boston kwa kuwa ilipandishwa bei: hapana, Sheria ya Chai ya 1773 iliifanya iwe rahisi zaidi. Waliokasirika ni wafanyabiashara waliopitwa, wa magendo wakiwemo, pamoja na waliokataa kulipa ushuru uliopangwa na bunge wasilokuwa na mjumbe ndani yake. Masanduku 342 yakaenda baharini. Eti Washington alikuwa rais tangu 1776: aliapishwa 30 Aprili 1789, baada ya Katiba iliyoandikwa 1787.

Eti Azimio lilisema watu wote wameumbwa sawa, kwa hiyo watumwa wakawa huru. Jefferson mwenyewe alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake, na utumwa ulifutwa nchi nzima mwaka 1865. Weusi wengi waliutafuta uhuru kwa upande wa mfalme, ambao ndio ulioshindwa. Waingereza walipoihama New York walichukua watu weusi wapatao 3,000 kwenda Nova Scotia, wakiwaandika majina daftarini. Mmoja wao ni Harry Washington, mzaliwa wa Gambia, aliyetoroka shamba la George Washington mwaka 1776. Mwaka 1792 akavuka bahari tena hadi Freetown, Sierra Leone. Huko nako, mwaka 1800, akafukuzwa kwa kushiriki uasi dhidi ya kampuni ya Kiingereza iliyotawala koloni. Miongoni mwa waliyoyagomea ni kodi ya ardhi.