Je, wajua kwa nini mkono wa juu wa gurudumu ni mfupi kuliko wa chini?

Tazama gurudumu la gari ukiwa mbele yake. Likisimama wima kabisa, kemba yake, yaani mwinamo wake kutoka wima, ni sifuri. Sehemu ya juu ikiinamia ndani, kemba ni hasi. Ikiinamia nje, ni chanya. Wengi hudhani fundi akishaipima na kukaza boliti, kemba imekaa hapo. Haikai. Hubadilika kila gurudumu linapopanda na kushuka, na inabadilika kiasi gani ni suala la urefu na mlalo wa mikono inayolishika, yaani vyuma vinavyoliunganisha na fremu ya gari.

Chukua gari lenye mikono miwili, mmoja juu, mwingine chini. Kila mmoja umefungwa kwenye fremu kwa bushi, kwa hiyo ncha yake ya nje haipandi wima, bali huzunguka kama mlango kwenye bawaba. Mkono mfupi huchora tao lenye mkunjo mkali zaidi. Gurudumu likipanda, ncha ya mkono wa juu huvutwa ndani kuliko ya chini, na kemba inazidi kuwa hasi.

Faida yake huonekana kwenye kona. Gari likikata kushoto, bodi hulalia kulia. Kama mikono ingekuwa sawa kwa urefu na sambamba, tairi la kulia, ambalo ndilo limebeba mzigo mkubwa, lingelala pamoja na bodi na kukanyaga kwa ukingo wa nje tu. Mkono mfupi hulivuta lirudi karibu na wima, uso wake uishike barabara. Haulirudishi lote, na ni vizuri: ukizidisha, tairi litayumba kwa kila tuta hata kwenye njia iliyonyooka.

Mfumo wa mhandisi Earle MacPherson, ambao Ford ya Uingereza iliutumia kwenye Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950, hauna mkono wa juu. Shokapu ndiyo inayoshika nafasi yake. Ni rahisi na hauchukui nafasi, lakini una kikomo: mkono wa chini ukishapita pembe mraba na shokapu, kila sentimita gurudumu linayopanda huisogeza kemba upande wa chanya. Anayekata springi ili gari lishuke huusogeza mkono kwenye kikomo hicho. Gari likisimama, tairi huweza kuonekana limeinamia ndani vizuri, kumbe kwenye kona, bodi inapolala, mwinamo huo unapotea pale hasa unapohitajika.