"Ilifanya kazi tangu Mei bila waya wa C": hiyo haithibitishi kitu

Kila baridi ikishika hapa Minnesota, naletewa swali lilelile: "Fundi, themostati imezima, nadhani betri imekufa. Ninunue ya aina gani?" Nikiuliza kama ina waya wa C, ule unaokamilisha njia ya umeme ili themostati ilishwe saa zote, jibu nalo ni lilelile: "Haina, lakini shida si hiyo, maana imefanya kazi tangu Mei bila huo waya." Wiki hii nimeletewa tena, na mama mmoja wa Brooklyn Park ambaye tayari alikuwa amenunua themostati ya pili, akafungiwa, nayo ikazima baada ya siku chache kama ya kwanza. Pesa imekwenda na nyumba bado baridi. Nitakaa sana kwenye hilo la "ilifanya kazi", kwa sababu ndilo linalowapotezea watu hela.

Kwanza jua nyumba yako ni ya aina gani. Ninayoizungumzia ni nyumba yenye hita kule besimenti inayosukuma hewa ya moto kwenye njia za bati, na nyuma ya themostati kuna nyaya nyembamba za rangi rangi. Kama uko kwenye fleti yenye hita ndefu za umeme chini ya dirisha, na ukutani zinatoka nyaya mbili nene, huo ni umeme wa volti 240. Usiguse. Themostati za kisasa za Wi-Fi kama Nest, Ecobee na wenzao hazikuundwa kwa umeme huo, na hapo unaweza kuunguza nyumba.

Sasa ya msingi, haraka. Ndani ya hita kuna transfoma inayoshusha volti 120 hadi 24, kwa kawaida ya VA 40 (kipimo cha mzigo inaoweza kubeba). R ndiyo inayoleta umeme kutoka kwenye transfoma, C ndiyo inayourudisha. W inaita joto, Y inaita AC (kipoza hewa), G inaita feni. Themostati ikiunganisha R na W, hita inawaka, ikiachanisha, inazima. Rangi za nyaya usiziamini. Soma herufi za kwenye bodi ya hita, kwa sababu aliyevuta nyaya huenda alitumia zilizokuwa kwenye gari lake siku hiyo.

Themostati ya mviringo ya Honeywell, ile iliyoingia sokoni mwaka 1953, ilikuwa swichi tu: utepe wa metali mbili unaojikunja kwa joto na kichupa cha zebaki kinachoinama. Haikuwa na skrini ya kulisha. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani zina nyaya mbili au nne tu ukutani. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvuta wa tano. Mwaka 2011 Nest ya kwanza ikaja na skrini, Wi-Fi na betri ya lithiamu inayojichaji, watu wakaifunga kwenye nyaya zilezile. Inataka umeme saa zote. Bila C, inaupata wapi?

Inadokoa. AC ikiwa imepumzika, Y haijaunganishwa na R, lakini njia ya Y ipo: inatoka kwenye themostati, inashuka hadi kwenye hita, inatoka nje hadi kwenye koili ya kontakta (swichi kubwa inayowasha kompresa) ya mashine ya AC, kisha inarudi C. Themostati inapitisha mkondo mdogo sana kwenye njia hiyo, mdogo kiasi kwamba koili haivuti, na huo ndio unaochaji betri. AC inapowaka mambo yanabadilika: R na Y sasa zimeungana ndani ya themostati, kati yake hakuna volti ya kuchukua, kwa hiyo inabidi ichote kwa vipande vifupi vifupi vya muda bila kuiangusha kontakta. Inawezekana, ila ni riziki ya taabu.

Zingatia jambo moja hapo. Uhai wa themostati isiyo na C unategemea kifaa kilicho upande wa pili wa waya. Ukisema "ilifanya kazi tangu Mei", umesema tu kwamba tangu Mei njia fulani ya kudokolea ilikuwa wazi. Hujasema lolote kuhusu Januari.

Kwa huyo mama nilifanya hivi. Nilitoa uso wa themostati, nikaweka mita kwenye volti za AC (hapa AC ni umeme wa mkondo geu, si kipoza hewa), ncha moja kwenye R na nyingine kwenye W. Volti 26. Nikahamisha ncha kutoka W hadi Y. Volti 2, zikicheza hadi 3 na kurudi. Hizo si volti za kweli, ni mzuka unaoonekana kwenye mita ya dijitali pale waya unapoelea bila kufika popote. Y ingekuwa nzima hadi kwenye koili na kurudi C, ningeona 26 zilezile. Nikashuka besimenti, nikajaribu waya wa Y peke yake: mzima. Nikatoka nje kwenye theluji, nikafungua mashine ya AC. Koili ya kontakta ilikuwa nzima pia. Kilichokuwa kimekata njia ni swichi ya presha ya chini, iliyofungwa mfululizo na koili, yaani ikifunguka, umeme haufiki kwenye koili.

Swichi hiyo haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kazi yake. Kwenye mashine zilizo nayo, inazuia AC isiwake gesi ikiwa imepungua, na kwa mashine zenye gesi ya kupoza ya R-410A, nyingi hufunguka presha ikishuka karibu na psi 50 (psi ni kipimo cha presha). Lakini presha ya gesi iliyotulia inafuata joto la nje. Kwenye nyuzi 0 za Farenhaiti, R-410A iko chini kidogo ya psi 50 hata kama haijavuja tone. Kwa hiyo baridi kali inaifungua swichi, njia ya Y inakatika, na themostati iliyokuwa ikidokoa kupitia Y inaanza kula akiba ya betri. Hakuna anayetambua, kwa sababu nani anaihitaji AC mwezi wa Januari? Siku chache baadaye skrini inazima. Joto likirudi swichi inajifunga yenyewe, themostati inafufuka, na mwenye nyumba anaamini ile mpya aliyoinunua ndiyo iliyoponya.

Kuna wanaoniambia ni kwa sababu walizima breka ya AC ya nje wakati wa baridi. Hapana. Koili inalishwa na transfoma ya ndani; breka ile inakata umeme wa kompresa. Iacheni jinsi ilivyo.

Na si lazima iwe Y. Nyumba yenye R na W pekee inadokoa kupitia W, na hapo mambo yanakuwa magumu kwenye usiku ambao hita haipumziki. Januari 30, 2019, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti. Kwenye baridi ya namna hiyo hita inaweza kuwaka karibu mfululizo, na muda wa kuchaji kwa raha unakwisha kabisa. Themostati inazima saa ambayo nyumba inaihitaji kuliko zote.

Vitabu havisemi hili wazi: mbele ya nyumba isiyo na C, mimi siwezi kukuahidi kama themostati itaishi au haitaishi. Baadhi ya bodi za hita ni nyepesi mno, zinauona ule mkondo wa kudokoa kama wito halali, kisha unasikia relei ikigonga tik-tik-tik usiku, au feni inawaka bila kuitwa. Bodi nyingine zinavumilia miaka. Kurasa za kukagua kama themostati inafaa zinauliza una herufi gani ukutani. Hazijui nini kimefungwa mwisho wa waya. Zikikupa alama ya kijani, maana yake ni "huenda".

Kabla ya kununua chochote, soma namba za themostati yenyewe. Nest inazo kwenye taarifa za kiufundi, sehemu ya umeme. Betri ikishuka chini ya volti 3.6 inaanza kuzima vitu ijiokoe, Wi-Fi ikiwa ya kwanza. Ndiyo sababu watu wengi hulalamikia ruta yao wiki nzima kabla ya skrini kuzima. Kisha kuna Voc na Vin, ambazo zinafaa kuwa kati ya 29 na 42. Hapo napata simu nyingine: "Nimeona 37, si ulisema ni 24? Itaungua!" Haiungui. Volti 24 za mkondo geu ni kipimo cha wastani wake wa nguvu; kilele cha wimbi ni mara 1.4 ya hapo, na transfoma isiyo na mzigo hutoa 26 hadi 28. Themostati inakuonyesha kilele baada ya kuugeuza umeme kuwa DC, mkondo wa moja kwa moja. 37 ni afya njema.

Kinachonipa wasiwasi ni pengo kati ya hizo mbili. Voc ni volti kabla ya kuchota, Vin ni volti wakati inachota. Voc ikiwa 38 na Vin ikaanguka hadi 20, kuna mahali umeme unabanwa: skrubu iliyolegea, waya ulioota kutu, au ule mzigo wa upande wa pili. Iin nayo inaonyesha mkondo. Ukiona miliampea 20 au 40 inadokoa. Ukiwa na C halisi utaona 100 au zaidi.

Aina za zamani za Nest zina tundu la micro-USB mgongoni. Ichaji kwa chaja ya simu kwa saa kadhaa. Ikiwaka na ikaishiwa tena baada ya siku mbili tatu, umepata jibu: yenyewe ni nzima, haifikiwi na chakula. Kuichaji hivyo kila wiki si tiba, na kuna watu wanaishi hivyo.

Kama ina C tayari na imezima ghafla, usiangalie ukuta, angalia hita. Umebadilisha chujio leo? Mlango wa hita una swichi nyuma yake. Usipokaa sawasawa, hita nzima haina umeme. Kuna pia swichi ya kawaida kama ya taa, karibu na hita au kwenye ngazi za besimenti, ambayo watoto na wageni huizima wakidhani ni taa. Kisha fyuzi kwenye bodi, ya aina ya magari, zambarau ni ya ampea 3 na kahawia hafifu ni ya 5. Ikikatika, weka ya kiwango kilekile. Ikikatika tena kuna nyaya zinagusana, usiweke kubwa zaidi. Wakati wa AC angalia boya la maji: bomba la kutoa maji likiziba, boya linapanda na kukata umeme, na kwa jinsi nyumba nyingi zilivyofungwa linakata R yenyewe, kwa hiyo skrini inazima. Ndugu zetu wa Houston na unyevu wao, hilo lenu.

Tiba ya kudumu ni waya wa C. Vuta taratibu nyaya zilizo ukutani, mara nyingi utakuta wa buluu umekunjwa nyuma, haujatumika. Lakini nasihi: ufunge ncha zote mbili! Nakuta wa buluu umechomekwa vizuri kwenye C ya themostati, na kule kwenye hita umekatwa na kuning'inia. Zima umeme wa hita kwanza, maana R ikigusa C fyuzi inakwenda, na bodi isiyo na fyuzi inaweza kuunguza transfoma. Kama hakuna waya wa ziada, kuna kifaa kidogo cha nyongeza kinachofungwa kwenye bodi ya hita. Ecobee ina chake, Nest ina chake. Kuugeuza wa G uwe C inawezekana, ila utapoteza feni ya kuwasha peke yake, na lazima uunganishe G na Y pale kwenye bodi ili feni ifuate AC. Nyumba yenye boila na AC tofauti ina transfoma mbili, na hapo C inatakiwa itoke kwenye transfoma ileile inayolisha themostati. Usikisie, ita fundi.

Lini basi nakubali kwamba themostati imekufa? Pale R na C ukutani zinapotoa 24 hadi 28 bila kuyumba, hata sekunde ile hita inapoanza kuwaka, na skrini bado giza. Pima sekunde hiyo hasa, kwa sababu transfoma iliyochoka inaonekana nzima ikiwa imepumzika na inaanguka ikibebeshwa. Betri za lithiamu nazo huzeeka, na yenye miaka kumi naiangalia kwa mashaka hata vipimo vikiwa safi.

Ikizima usiku wa baridi kali na fundi hapatikani, usingoje mabomba yapasuke. Zima umeme wa hita, toa waya wa R na wa W kwenye themostati, uziunganishe pamoja, washa umeme. Hita itawaka na haitasimama yenyewe kwa joto la chumba, ingawa kinga zake za ndani zinaendelea kufanya kazi. Kaa macho, nyumba ikipata joto zima umeme, ikipoa washa tena. Asubuhi nunua themostati rahisi ya betri mbili za AA, ifunge, na hiyo ya kisasa isubiri hadi tuvute C.

Na ukinipigia simu, usianze na aina ya themostati. Nitajie volti za R na C, volti za R na Y, na kama waya wa buluu umefungwa ncha zote mbili.