Barafu ya mbali na mnazi wa bibi

"Mwanangu, hiyo barafu ya Wazungu ndiyo iliyoning'olea mnazi?"

Aliyeniuliza ni bibi mmoja wa Ushongo, kusini mwa Pangani. Nilikuwa nimeinama nachomeka fito mchangani. Shikamoo yangu alikwisha kuiitikia, na sasa alikuwa ananionyesha mnazi uliolala ufukweni, mizizi hewani, makuti yakichezewa na maji yanayojaa. Redioni alisikia kwamba barafu ya kaskazini inayeyuka na bahari inapanda. Nilitamani kumjibu "ndiyo, bibi" nikaendelea na kazi, lakini ndiyo hiyo ingekuwa nusu uongo.

Kazi yangu ni kupima fukwe. Vifaa ni fito mbili zenye alama za sentimita, kamba fupi, na upeo wa macho. Unasimama kwenye ufito wa juu, unaulinganisha ule wa chini na mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, unaandika tofauti, unasogea hatua moja kuelekea majini. Njia hii aliieleza Mmarekani K. O. Emery mwaka 1961. Wanafunzi huicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu, mitambo ya watu ikiwa imekwisha chaji na fito zetu bado zinafanya kazi, wanaacha kucheka.

Sasa turudi kwa bibi. Usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. (Magazeti yetu hupenda kuandika "kina cha bahari". Kina ni urefu wa kwenda chini. Bandari ikichimbwa, kina kinaongezeka bila bahari kupanda hata unywele. Nimekwisha kuchoka kulisema hili.) Mwanzoni mwa karne iliyopita kasi ilikuwa milimita moja na kitu kwa mwaka; kati ya 2006 na 2018 ilifika milimita 3.7. Na tangu 1971, karibu nusu ya kupanda huko haikutokana na barafu hata kidogo. Ni maji yenyewe kupata joto na kutanuka. Jaza sufuria maji hadi pomoni uiweke jikoni, uone kama hayatamwagika kabla ya kuchemka. Barafu za milimani zimechangia kama thuluthi mbili ya nusu iliyobaki ukiziweka pamoja na Greenland, kile kisiwa kikubwa cha barafu cha kaskazini. Antaktika na maji yanayotoka nchi kavu yanamalizia.

Lakini bibi alitaja kaskazini, na hapo kuna jambo linalonifurahisha kila nikilieleza. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inayavuta maji ya bahari yaliyo karibu nayo, kama mwezi unavyoyavuta haya ya kwetu yakajaa na kupwa. Ikiyeyuka, mvuto unapungua na maji yale yanaachiliwa. Kwa hiyo ufukwe ulio jirani na Greenland unaona bahari ikishuka, na sisi wa karibu na ikweta tunapokea zaidi ya fungu letu. Barafu iko mbali, na umbali huo ndio unaotuponza.

Hata hivyo, mnazi haukung'olewa na milimita. Mwaka 1962 mhandisi Mdenmaki, Per Bruun, alitoa kanuni ya kukadiria: ufukwe wa mchanga hurudi nyuma takriban mara 50 hadi 100 ya kiasi bahari ilichopanda. Wataalamu wanaigombania hadi leo, na kwetu, penye mwamba wa matumbawe mbele ya ufukwe, haikai vizuri. Ila kwa makadirio inatosha. Bahari ikipanda milimita 4 kwa mwaka, ufukwe unapoteza sentimita 20 hadi 40. Bibi anasema mnazi ule aliupanda hatua arobaini kutoka alama ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, akimnyonyesha mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ana miaka ishirini na mitano. Piga hesabu: zaidi ya mita moja kwa mwaka. Nimpe Bruun chote anachodai, bado sehemu kubwa ya mita hiyo inatafuta mwenyewe.

Mwenyewe ni mchanga. Mchanga wa ufukweni hausimami. Kusi ikivuma, mawimbi huja mshazari na kuusukuma kaskazini. Kaskazi ikiingia, unarudishwa kusini. Kwa kuwa kusi ina nguvu na hudumu zaidi, hesabu ya mwaka huishia kaskazini. Unaoondoka lazima ufidiwe na mpya, na mpya hutoka mitoni na kwenye matumbawe na makombe yanayosagika. Lori linaloshuka mtoni kuchota mchanga wa ujenzi limechota ufukwe, ingawa dereva hajaiona bahari siku hiyo.

Waulize wa Kunduchi, Dar es Salaam. Vijito vinavyoulisha ufukwe ule vilichimbwa mchanga, na miamba iliyoukinga ikapigwa baruti na wavuvi. Hoteli ya Africana iliachwa kwa sababu ya mmomonyoko. Leo jina lake wengi wanalijua kama kituo cha daladala. Majirani wakajenga makingio ya mawe kuingia baharini. Kingio linafanya kazi kweli, mchanga unarundikana upande wa kusini, mwenye hoteli anafurahi, na jirani wa kaskazini anaanza kunipigia simu. Ukuta wa wima nao una tabia yake: wimbi likiugonga linarudi na nguvu na kuchimba pale pale kwenye msingi.

Na kuna Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1975. Miti ilikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikafa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa fungu la mchanga linalomezwa kila maji yakijaa. Kasa bado wanakwenda. Mayai yao huhamishiwa hapa hapa Ushongo yasije yakazama. Katika miaka kumi ile bahari duniani ilipanda sentimita mbili hivi. Sentimita mbili hazimezi kisiwa chenye miti.

Mtu akisoma hapa anaweza kudhani nasema bahari haina hatia. Hapana. Kipimo cha bandari ya Zanzibar, kilichoanza mwaka 1984, kwa miaka mingi kilionyesha maji yakishuka, na wapo waliokitumia kusema mabadiliko ya tabianchi ni hadithi. Watafiti walipochunguza waligundua chanzo ni upepo: mfumo wa upepo juu ya Bahari ya Hindi ulibadilika ukayasukuma maji yakatuondokea sisi na Ushelisheli na kurundikana kwingine. Upepo ukigeuka, deni linalipwa. Makadirio ya kimataifa ni bahari kupanda kati ya sentimita 28 na mita 1 kufikia 2100, kutegemea tutakavyochoma mafuta. Tofauti ya maji kupwa na kujaa kwetu siku za bamvua hufika mita 4, basi sentimita 30 zinaonekana kichekesho. Tatizo ni kwamba zinapanda juu ya bamvua. Wimbi linalopita juu ya mwamba hupimwa na kina cha maji yaliyo juu yake: kina kikizidi, wimbi linakuwa kubwa. Matumbawe yakiwa hai hukua na kufuatana na bahari, lakini mengi yalikufa kwa joto mwaka 1998. Mwamba uliokufa haufuati. Ufukwe wenye mchanga wa kutosha ungelimudu wimbi hilo. Ufukwe wenye njaa hauwezi.

Nilimwambia bibi kwa ufupi: barafu imesaidia kidogo, mchanga ndio uliokimbia, na mbeleni barafu itasaidia zaidi. Akafikiri.

"Sasa wa kuziba pengo nipande wapi?"

Nikaanza kueleza habari za miteremko na umbali. Akanikatiza kwa kidole. Nyuma ya jiko lake, mbali na maji kuliko nilivyotaka kupendekeza, miche mitatu ilikuwa imekwisha kushika.

Nitarudi Machi, kwa bamvua kubwa. Kigingi nilichokipiga nyuma ya ule mnazi kiko mita 6.4 kutoka ukingoni.