Paje hadi Jambiani kwa miguu: tangulia bamvua kwa siku mbili

Ukiuliza siku gani inafaa kutembea ufukweni mashariki ya Unguja, kutoka kijiji cha Paje hadi cha Jambiani, wengi watakwambia subiri bamvua, siku za mwezi kuandama au kuwa mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ikupwe hadi karibu na mwamba. Kwa anayekwenda kutafuta pweza, huo ni ushauri mzuri. Kwa familia inayotaka matembezi mepesi, mimi siukubali, na ubaya wake ni jua, si maji.

Bamvua la pwani yetu lina saa zake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi na saa kumi na moja, na hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa sita mchana. Mwezi hadi mwezi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo siku ambazo ufukwe ni mpana kuliko zote ndizo utakazotembea na jua la utosini, juu ya mchanga mweupe unaokurudishia mwanga usoni, na ukishaiacha minazi nyuma hakuna kivuli.

Rudi nyuma siku mbili. Tarehe 12 au 13 ya mwezi wa Kiislamu, na tena 27 au 28, maji humaliza kupwa kwenye saa tatu hadi saa nne asubuhi. Hayashuki kama ya bamvua lenyewe, lakini anayefuata ufukwe hana haja ya kufika mwambani. Anachohitaji ni ukanda wa mchanga mgumu wenye unyevu, na huo ataupata. Hesabu ya mwezi inakupa siku. Dakika zitafute kwenye jedwali la maji la bandari ya Zanzibar. Hakikisha saa zilizoandikwa ni za Afrika Mashariki, maana baadhi ya majedwali ya intaneti hufuata saa za Greenwich, zilizo nyuma yetu kwa saa 3. Kisha soma urefu wa maji yakiwa mwisho wa kupwa. Yakiandikwa mita 1 au chini ya hapo, njia ni pana. Yakikaribia mita 1.5, hayo ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na utajikuta kwenye mchanga mkavu unaozamisha mguu.

Kutoka katikati ya Paje hadi katikati ya Jambiani ni kama kilomita 6. Mtu mzima kwenye mchanga mgumu huenda kilomita 4 kwa saa; ukiwa na watoto wanaosimama kwa kila kaa, hesabu kilomita 2 na nusu hadi 3. Panga theluthi mbili za safari ziwe kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa. Tuseme yanafika saa tatu na nusu na safari yenu ni ya saa mbili: ondokeni saa mbili na dakika 10, mtafika saa nne na dakika 10. Kosa la kawaida ni kusubiri maji yakauke kabisa ndipo kuanza, na hapo nusu nzima ya pili ya safari inakuwa ni kukimbizana na bahari.

Bahari hairudi kwa mwendo mmoja. Igawe tofauti ya maji kupwa na maji kujaa mafungu 12. Katika saa sita za kujaa hupanda kwa mafungu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Yakitoka mita 0.7 kwenda 3.7, tofauti ni mita 3: saa ya kwanza hupanda sentimita 25 tu, ya pili 50, ya tatu 75. Saa ile ya kwanza ndiyo inayodanganya watu. Sasa chukua sehemu bapa, ambapo mchanga huinuka mita 1 kwa kila mita 100: katika saa ya tatu ukingo wa maji utasogea mita 75 kuelekea kwako. Tena maji hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hujaza kwanza mikondo na mabonde, na huenda mojawapo likawa nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Ndiyo maana ukitaka kwenda kuangalia mashamba ya mwani, nenda maji yakiwa bado yanakupwa. Yakianza kujaa, kaa upande wa minazi. Upepo mkali wa kutoka baharini nao huweza kuyawahisha kidogo, kwa hiyo usiziamini dakika za jedwali kupita kiasi.

Upepo ndio uamue uanzie wapi. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi hivi, anza Paje ukiwa na upepo mgongoni. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, geuza: anza Jambiani.

Vaa sandali zenye mkanda wa nyuma au raba kuukuu. Malapa hung'ang'ania kwenye tope na kukatika. Penye maji ya magotini usiinue miguu, iburute, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, ahisi unakuja na kuondoka. Ukimkanyaga atakuchoma kwa mwiba wa mkia. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda kituo cha afya. Konokono wa baharini wenye umbo kama pia ya watoto msiwaokote hata wakionekana wafu, kwani baadhi yao wana sumu. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, mtazame ndani ya maji, usimtoe nje kwa ajili ya picha. Angalia pia kamba za nanga za ngalawa zilizolala mchangani, na zile za mwani zilizofungwa kwenye vigingi: zunguka shamba, usikatishe katikati. Ni kazi ya watu, wengi wao kina mama.

Maji ya kunywa lita 1 kwa kila mtu, kofia, kanga ya kujifunika, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Njiani kumbuka vichochoro vinavyopanda kijijini kati ya hoteli na hoteli. Bamvua likijaa, sehemu nyingine maji hugonga kuta, na kichochoro ndiyo njia pekee ya kutoka. Ukikitumia, jifunike mabega na magoti, unapita milangoni kwa watu. Kurudi, daladala namba 309 ya Jambiani hupita Paje.

Kama likizo yako imeangukia maji mafu, tarehe 8 au 22 hivi, acha safari nzima. Siku hizo maji hukupwa kwenye saa kumi alasiri, jua limepoa, na kilomita moja kwenda na moja kurudi mbele ya kijiji zinatosha.